Namba Iliyokataa Kuamkia

Nimeombwa nieleze niliyoyaona Marahaba, na nitaeleza, ila mtu asiniulize nilifikaje. Njia ilikuwa ndefu na chakula kilikuwa kibaya, yanatosha hayo. Mimi ni mwanamke mtu mzima, mwalimu wa hesabu, na nilikwenda kwa mwaliko wa watafiti wa nchi ile, waliotaka mgeni ashuhudie jinsi walivyoiendeleza elimu. Basi nimeshuhudia.

Mpakani nilipimwa urefu. Afisa, kijana mwenye adabu iliyopita kiasi, alinisimamisha ukutani, akasoma kipimo, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mgeni wa mwisho kutoka kwetu, alinieleza, alikuwa mtu mrefu sana, na urefu wake ndio uliotangulia kuandikwa. Urefu wangu ulikuwa mdogo wake, na haungeweza kupita bila kumwamkia mkubwa. Nikadhani ananitania. Akanisomea sheria: namba mpya ikikutana na namba iliyoitangulia, sharti iiamkie, na kuamkia kwa namba ni kusogea nusu ya njia kuelekea kwa mkubwa wake. Kwa hiyo nikaandikwa mrefu kuliko nilivyo kwa shubiri nzima, nikapewa joho la wageni lililokatwa kwa urefu huo. Nililikanyaga tangu siku ile hadi naondoka, na kila nilipojikwaa wenyeji waliniambia pole, tena pole ya kweli.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Shomvi, Mkuu wa Idara ya Maamkizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba namba zote za nchi zinaheshimiana. Alikuwa mnene, mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale. Sikumchukia, na nataka hilo lieleweke. Alinikirimu vizuri, na chai yake ya tangawizi sijaipata tena popote.

Kwanza alinipeleka kwa wanafizikia. Walikuwa juu ya mnara wakiangusha mawe mawili, kubwa na dogo, kwa sababu mkubwa mmoja wa zamani alikwisha sema kuwa jiwe zito hutangulia kufika chini. Nikasimama, nikatazama, na kweli lile kubwa lilitangulia kila mara. Basi nikapanda ngazi na joho langu, nikajikwaa, nikapewa pole, na nilipofika juu nikamwona mwenye jiwe dogo analizuia kidogo kiganjani kabla ya kuliachia. Nilimuuliza sababu. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anavaa nguo, akajibu kwamba mdogo hatangulii mbele ya mkubwa, hata kama ni kuanguka.

Wanafalaki nao walinionyesha anga kwa darubini nzuri, bora kuliko yoyote ya kwetu. Upande wa kusini niliona nyota kubwa ya rangi ya chungwa, nikaisifu. Wakatazamana. Kwenye ramani ya wakubwa mahali pale hapana kitu, wakasema, na hilo nililoliona ni doa la kioo. Darubini zote nchini zina doa hilo, mahali hapo hapo. Niliondoa jicho kwenye darubini nikawaambia hata bila kioo naliona. Wakanipa pole ya macho.

Nikajipa moyo kwamba watu wa hesabu hawataniaibisha. Kumbe! Mzee wao mmoja, siku zake za mwishomwisho, alisema kuwa tisa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hakupatikana aliyethubutu kumkumbusha habari ya tatu mara tatu. Toka hapo tisa ni tasa kwa heshima. Nikauliza, na hiyo tatu je? Bwana Shomvi akashusha sauti, akaniambia tatu ni mtoto wa kulea, na si vizuri kulizungumza jambo hilo mbele ya tisa.

Nilicheka sana usiku ule peke yangu chumbani. Niliendelea kucheka hadi waliponipeleka hospitali.

Marahaba wana ugonjwa uitwao homa ya tope, unaokuja na mvua. Dawa yake wanayo, nyeusi, chungu, ya magome. Kipimo chake ni vijiko vinne asubuhi na vinne jioni, na namba hiyo ni ya Profesa Sefu Lukindo, mtafiti anayeheshimiwa kuliko wote walio hai. Picha yake imetundikwa katika kila wodi. Bwana Shomvi alinisomea taarifa ya Idara: wagonjwa wote waliokunywa vijiko vinne, homa iliwatoka.

"Ni kweli," ikasema sauti nyuma yangu. "Maiti haina homa."

Aliyesema alikuwa Daktari Mwanamvua, mwanamke mkavu, wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Bwana Shomvi alijikohoza, akanitambulisha, kisha akaongeza taratibu kwamba daktari ni binti wa Profesa Lukindo. Alilisema hilo kama mtu anavyotaja msiba wa jirani.

Mwanamvua aliniamkia vizuri, akanikalisha, akanipa habari yake. Mvua za mwaka uliopita dawa ilipungua katika wodi moja ya pembezoni, na kila mgonjwa akapata kijiko kimoja tu. Walitarajiwa kufa wote. Badala yake waliamka wakadai uji. Yeye akarudia jambo hilo kwa makusudi, kwa watu wengine, mahali pengine, na kila mara kijiko kimoja kiliponya na vinne vikaua. Akaichukua moja yake hadi Idara ya Maamkizi. Wakampokea vizuri. Wakamwambia aiweke mbele ya nne ya baba yake, iseme shikamoo, isogee nusu ya njia, na mambo yaishe kifamilia. Akakataa. Namba isiyoamkia hupelekwa Chumba cha Malezi mpaka ikue, na moja yake ilikuwa humo hadi siku ile.

Niliomba kukiona. Ni chumba safi, kinafagiliwa kila asubuhi. Ukutani vimetundikwa vibao, kila kimoja na namba yake. Kibao cha Mwanamvua kilikuwa karibu na mlango. Kingine, cha mbali kabisa, kilikuwa na picha ndogo ya nyota ya rangi ya chungwa. Mlinzi alisema mwenye kibao hicho alikwisha kufa zamani, na nyota bado haijakua.

Kesho yake asubuhi ikaja habari kwamba Mzee Lukindo mwenyewe ameshikwa na homa ya tope.

Tulipofika alikuwa amekwisha kunyweshwa vijiko vyake vinne vya asubuhi. Midomo ilikuwa imeingia weusi na vidole vimepoa. Mwanamvua alimshika mkono, akamsikiliza moyo, akanivuta pembeni akaniambia bila kupepesa kwamba vinne vya jioni atavinywa, na kesho hatakuwapo. Kijiko kimoja, kimoja tu, bado kingeweza kumrudisha. Nami, kwa kuwa sina subira, nikamwuliza anangoja nini, si ampe hicho kimoja kimyakimya.

Chupa inashikwa na Idara, akanijibu, na anayemimina ni muuguzi wa Idara. 

"Na ningeipata, Mwalimu? Nikimponya baba kwa siri, wenzake wataendelea kufa hadharani. Namtaka apone mbele za watu."

Mchana huo Baraza liliketi. Juu ya mlango wao wameandika *Penye wazee haliharibiki neno*, na ndani wameketi wazee watatu na Bwana Shomvi. Mwanamvua aliomba jambo moja: baba yake apewe kijiko kimoja jioni, na kijiko hicho kisiamkie chochote. Mkubwa wa wanafizikia alisema namba haiwezi kumdhuru baba yake mzazi, maana hata fahali humjua aliyemfuga. Mkubwa wa wanafalaki aliuliza kama pana uhakika kwamba homa yenyewe si doa. Mkubwa wa watu wa hesabu aliomba ieleweke kwamba haungi mkono wala hapingi, kisha akasinzia. Mimi niliomba nafasi nikawaambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili mgeni kwamba mtu anakufa. Walinishukuru kwa mchango wangu.

Uamuzi ulikuwa ule niliouogopa. Moja iamkie nne, zikutane katikati, mgonjwa apewe vijiko viwili na nusu. Mwanamvua alisema viwili na nusu vinaua sawasawa na vinne, tofauti yake ni kwamba vinachelewa hadi alfajiri. Wakamjibu kwamba kuchelewa nako ni nafuu.

Tukitoka nilimkuta Bwana Shomvi kibarazani anafuta machozi. Lukindo ndiye aliyemfundisha kusoma, alinieleza, na hana mtu anayempenda kuliko yeye. Lakini wakiruhusu namba moja ipite bila salamu, kesho zitapita zote, na keshokutwa hao watoto wetu wenyewe. "Sikio la kufa halisikii dawa, Mwalimu," akasema kwa huzuni, na alimaanisha sikio la Mwanamvua. Nilitaka kumjibu vibaya. Nikajikwaa kwenye joho, akanidaka.

Alasiri niliketi na mgonjwa, Mwanamvua alipokwenda kuangalia wengine. Mzee Lukindo alikuwa na akili zake zote, ila sauti ilikuwa imebaki kidogo. Akaniuliza Baraza limesemaje, nami nikamwambia. Akacheka, au alikohoa.

"Mimi nami nilipata kimoja," akasema.

Nilidhani homa imempanda. Nikamwuliza kimoja nini.

Akanieleza kwa vipande vipande, anapumzika anaendelea. Alipokuwa kijana, dawa ilipungua, kama ilivyopungua kwa binti yake, na wagonjwa wake wakaamka wakadai uji. Akaipeleka moja yake mbele ya namba ya mwalimu wake, iliyokuwa saba. Moja ikasema shikamoo, saba ikaitikia, zikakutana kwenye nne. Na hiyo saba je, nikamwuliza, ilitoka wapi? Hakuna ajuaye kwa hakika, maana mtoto hamwulizi mkubwa alikotoka. Ila aliwahi kusikia kwamba hospitali ya kwanza kabisa ya Marahaba ilikuwa na kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na vijiko saba.

Nilikaa na habari ile mapajani sijui niiweke wapi. Mwishowe nikamwuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, na watu wanazikwa.

"Nilikuwa na adabu," akasema. Kisha akageuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Jua lilipoanza kupoa wakaja. Bwana Shomvi alitangulia na chupa, akafuata muuguzi wa Idara na kijiko, wakafuata wazee watatu wa Baraza. Vibao viwili viliwekwa miguuni pa kitanda, cha nne juu ya kigoda, cha moja chini sakafuni. Utaratibu ni kwamba mwenye namba ndogo huisemea shikamoo, na mwenye namba kubwa, akiwa hai, huiitikia marahaba kwa kinywa chake. Hapo ndipo wanapokata katikati na kumimina.

Bwana Shomvi akamwambia Mwanamvua aisemee namba yake. Mwanamvua akasimama kimya. Akaambiwa tena, kwa upole, kwamba mzee anangoja. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini kinywa hakufungua. Muuguzi alikuwa amekwisha kufungua chupa, na harufu ya magome ilijaa chumbani. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba namba ikikataa kuamkia kitandani, basi itabaki ile kubwa peke yake, na ni vijiko vinne.

Mzee Lukindo akajiinua kwa kiwiko. Nilimshika mgongo, ulikuwa mifupa mitupu. Alikitazama kile kibao cha sakafuni kwa muda, kama mtu anayemkumbuka rafiki wa shule, kisha akakiinamishia kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Mkubwa wa watu wa hesabu aliamka. Mzee wa heshima kumwamkia mdogo si kosa katika sheria za Marahaba, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kuwa litatendeka, wala hakuna palipoandikwa kwamba hapo pakatwe katikati. Lakini sheria moja wanayo wote tangu utotoni, nasi kwetu tunayo, kwamba shikamoo haiachwi hewani. Na kibao hakina mdomo. Aliyepaswa kuitikia ni mwenye namba.

Mwanamvua alitikisa kichwa. Akasema hawezi, baba, hawezi. Mzee akamngoja, kiwiko kikitetemeka, na nilijua kwamba hatalala chini mpaka ajibiwe. Basi binti akapiga magoti kando ya kitanda ili angalau kichwa chake kiwe chini ya kile cha baba yake.

"Marahaba, baba," akasema, na alilia kama mtoto.

"Haya. Nipe hicho kijiko."

Mwanamvua akakichukua kwa muuguzi, akampa kimoja. Bwana Shomvi hakuzuia. Asubuhi vidole vya Mzee Lukindo vilipata joto, na siku iliyofuata akadai uji, akaukataa kwamba hauna sukari.

Nchi nzima ilifurahi, nami nilifurahi nao, nilidhani mambo yamekwisha. Sikuwajua. Baraza liliketi kutafuta maelezo. Mzee Lukindo hawezi kumwamkia aliye mdogo wake, wakasema, na amemwamkia moja. Kwa hiyo moja si mdogo wake. Kwa hiyo ni mkubwa wake, tena kwa umri mrefu sana, ila cheti chake cha kuzaliwa kilipotea. Wakaiandikia cheti kipya chenye umri uliozidi ule wa nchi. Kibao kikatolewa Chumba cha Malezi, kikatundikwa juu kabisa ya ukumbi wa Baraza, na nne ikashushwa ikae chini yake. Wafamasia wakaletewa kipimo kipya. Watu wakaacha kufa kwa homa ya tope, na hilo nalisema kwa moyo mweupe, lilikuwa jema kubwa.

Naye Mwanamvua akawa mwenye namba kubwa kuliko zote. Wazee walimwamkia njiani. Siku za kwanza aliona haya, alipunga mkono, aliwaambia waache mambo hayo. Bwana Shomvi alimweleza kwa upole kwamba shikamoo haiachwi hewani. Baada ya muda nilimsikia akiitikia. Baada ya muda tena nilimsikia akiitikia bila kuinua macho kwenye kazi yake, na nikasema moyoni ni uchovu, kwa sababu kweli alikuwa anafanya kazi nyingi.

Siku ya kuondoka nilikwenda hospitali kuaga. Mzee Lukindo alikuwa ameketi kwenye benchi la kibarazani anaota jua, fimbo imelala kando. Tangu apone hakuna aliyemwamkia tena, maana namba yake ilikuwa ya pili, na alisema hajawahi kupumzika namna ile. Dirisha la wodi lilikuwa wazi nyuma yetu. Ndani Mwanamvua alikuwa anaandika mezani, na kwenye kitanda cha karibu amelazwa mtoto mchanga mwenye homa ya tope, mama yake akimpepea kwa ncha ya khanga.

Akaingia daktari mwajiriwa mpya, Dakta Tumbo, mtu mzima lakini mgeni wa pale, mwenye haya. Alisimama mbali kidogo na meza. Tulimsikia vizuri. Alisema amefuatilia watoto wachanga wa wodi tatu, na kijiko kimoja kinawazidi nguvu, kinawapoza. Wanaopona ni wale wanaopewa nusu. Alikuwa amejiandaa sana, na kwa kuwa alitaka asikilizwe alianza kwa kile alichofundishwa.

"Shikamoo, Daktari. Namba yangu ni nusu."

"Marahaba," akasema Mwanamvua, kalamu ikiendelea kuandika. "Basi iwe robo tatu."

Muuguzi akanyanyua chupa.

Mzee Lukindo alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akaniuliza, bila kuyafumbua, binti yake amesema ngapi. Nikamwambia robo tatu. Uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "nipe hiyo fimbo yangu."

Nilimpa. Akainuka kwa taabu, akaingia wodini hatua kwa hatua, akampita binti yake, akasimama mbele ya Dakta Tumbo na kumwinamishia kichwa. Kalamu ya Mwanamvua ikasimama.